Nimerithi mfumo wa mikopo hapa kazini, aliyeuandika kashaondoka, naanzia wapi?

DogoWaBackend

Habari za muda huu wakuu. Naombeni mawazo yenu maana hapa kichwa kimejaa. Nimeajiriwa kwenye taasisi ndogo ya mikopo hapa Dar, wanakopesha wafanyabiashara wadogo na vikundi, marejesho mengi yanaingia kwa simu na mengine dirishani kwa keshia. Mfumo waliandikiwa zamani na jamaa mmoja peke yake, PHP 5.6 na MySQL, hakuna fremuweki yoyote, ni mafaili tu yanaitana humo ndani, include juu ya include. Jamaa kashahama nchi kitambo na namba yake haipatikani. Maelezo hakuacha, Git (ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili) ipo ila ina komiti moja tu, yaani mabadiliko yamehifadhiwa mara moja tu, imeandikwa "mwisho".

Kuna faili linaitwa marejesho.php, mistari zaidi ya elfu nne, humo humo kuna kuunganisha databesi, kuna HTML, kuna hesabu ya riba, kuna kutuma SMS. Pembeni yake kuna marejesho2.php, marejesho_mpya.php na marejesho_mpya_sahihi.php, na sijui lipi ndo linatumika. Halafu katikati nakuta kitu kama hiki:

`$leo = date('Y-m-d', time() + 10800); // usiguse`

Ni hilo neno usiguse tu, hamna kingine. Na iko sehemu nyingi, ila kuna sehemu nyingine wanachukua tarehe bila hiyo 10800.

Sasa meneja anataka faini ya kuchelewa ibadilike. Kwa sasa mtu akichelewa anapigwa asilimia ya mkopo wote, wanataka iwe asilimia ya lile rejesho lililochelewa tu, na wanataka ianze mwezi ujao. Ni haki kabisa kwa wateja na natamani iwahi. Lakini nikilifungua hilo faili nikaanza kusoma kutoka juu, nikifika mstari wa mia tatu vya mwanzo vyote vimeshanitoka. Mawazo yangu ni niombe miezi kadhaa niandike upya wote kwa Laravel (fremuweki ya PHP) kiwe kitu kisafi. Mliowahi kurithi mifumo ya watu, mlianzia wapi?

MamaSeva

Hongera kwa kazi mdogo wangu, na pole pia. Hilo la kuandika upya liweke pembeni kwanza, tutalirudia. Na acha kabisa kulisoma hilo faili kutoka juu kwenda chini, sio kitabu hicho, utachoka na hutaambulia kitu.

Kabla ya yote hakikisha una bakapu ambayo umeshaijaribu kuirudisha, sio ile unayoambiwa ipo. Hapa angalia kitu kimoja: mysqldump (amri ya kutoa nakala ya databesi) ukiipiga hivi hivi inabeba majedwali na triga zake (amri zinazojiendesha rekodi ikibadilika), ila prosija na fankisheni (vipande vya programu) zilizohifadhiwa ndani ya databesi haibebi mpaka uweke `--routines`, na event (kazi za databesi zinazojiendesha kwa ratiba) haibebi mpaka uweke `--events`. Mifumo ya zamani kama huo mara nyingi hesabu ya riba haiko hata kwenye PHP, imefichwa ndani ya databesi, sasa wewe unatafuta kwenye mafaili wiki nzima hutaiona. Piga `SHOW TRIGGERS` na `SHOW PROCEDURE STATUS` na `SHOW FUNCTION STATUS` uone kuna nini.

Cha pili, kinachoendesha ofisi ni kile kilichoko kwenye seva, sio kilichoko kwenye Git. Chukua folda zima la seva lilivyo, lilinganishe na la Git kwa `diff -rq`, nakuhakikishia kwa hiyo komiti moja ya "mwisho" utakuta tofauti kibao maana mtu alikuwa anarekebisha moja kwa moja laivu. Hiyo ya seva ndo uifanye komiti yako ya kwanza, hata kama ni mbaya, usisafishe kitu. Kuanzia hapo kila utakachogusa kitakuwa na kumbukumbu.

Halafu kroni, yaani kazi za seva zinazojiendesha kwa ratiba. `crontab -l` ya root, ya yule yuza anayeendesha Apache, na uchungulie `/etc/cron.d`. Mfumo wa mikopo karibu siku zote una kitu kinaamka usiku kuhesabu faini na kutuma SMS za kukumbusha, na hicho kitu hakuna aliyekutajia siku ya kwanza kwa sababu hakuna anayekiona kikifanya kazi.

Hayo mafaili manne ya marejesho usibahatishe, waulize logi za Apache (kumbukumbu za kila ukurasa ulioombwa kwenye seva). `zgrep` kwenye access log uone lipi linaitwa. Ila kutoonekana kwenye logi hakumaanishi limekufa, linaweza kuwa linaitwa kwa include kutoka faili jingine au na kroni, kwa hiyo tafuta jina lake kwenye folda zima pia. Na usiangalie logi za siku mbili tatu ukatoa hukumu, kuna ripoti zinafunguliwa mwisho wa mwezi tu, na nyingine mwisho wa mwaka.

Sasa hapo ndo uje kwenye kodi yenyewe (maandishi ya programu), na njia ninayoiamini mimi ni kufuata hela moja. Weka nakala ya mfumo kwenye mashine yako, kuna imeji ya Docker (mazingira yaliyofungwa tayari) ya `php:5.6-apache` itakusaidia maana PHP 5.6 kuifunga kwenye mashine ya leo ni mateso. LAKINI kabla hujaiwasha ondoa funguo za SMS na za malipo ya simu humo ndani, usije ukajaribu rejesho la uongo saa sita usiku mteja akapokea ujumbe kwamba deni lake limeisha. Majina na namba za wateja pia vibadilishe, hakuna sababu ya laptopu yako kutembea na madeni ya watu.

Ukishawasha, toa dampu (nakala nzima) ya databesi kwa `--skip-extended-insert` ili kila rekodi ikae mstari wake. Halafu ingiza rejesho moja tu la shilingi 50,000 la mtu mmoja. Toa dampu ya pili. Piga diff ya hizo mbili. Hapo utaona kwa macho yako hiyo elfu hamsini imegusa majedwali gani, labda malipo, labda ratiba, labda daftari la mhasibu, labda na jedwali fulani ambalo usingelidhani kabisa. Ukitaka kuona zaidi, washa `general_log` ya MySQL kwenye hiyo nakala yako, itakuandikia kila kweri (amri inayotumwa kwa databesi) iliyopita kwa mpangilio wake. Kweri hizo ndo ramani yako, zitafute moja moja kwenye PHP zimetoka mstari gani. Kati ya hiyo mistari elfu nne utashangaa rejesho la kawaida linapita kwenye kama mia mbili tu.

Ukimaliza hiyo fuata hela nyingine, safari hii ya mtu aliyechelewa. Hapo ndo faini ilipo.

Laravel_Damu

Mimi nipo tofauti kidogo na dada hapo juu. PHP 5.6 iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa 2018, na kama humo ndani kuna zile `mysql_query` za zamani basi hata kupanda PHP 7 huwezi bila kuzibadilisha maana ziliondolewa tangu 7.0. Huo ni mfumo wa hela za watu, kila siku unayoongeza ni hatari. Mleta mada andika upya, piga viraka kidogo huku unajenga mpya, ukichelewa utakuwa mtumwa wa hilo faili maisha yako yote hapo ofisini.

Mzee_wa_MySQL

Laravel_Damu hoja ya usalama ni ya kweli na siipingi, hiyo seva ingekuwa yangu ningeanza kwa kuiweka ndani ya VPN ili kurasa za keshia na maafisa mikopo zisifunguke intaneti kwa kila mtu. Lakini kuandika upya kitu usichokielewa ni kuhamisha giza kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Netscape walifanya hivyo, 1998 walifungua kodi ya brauza yao kwa umma, kisha wakaamua kuitupa na kuanza upya, toleo la 6 likatoka Novemba 2000, na muda wote huo Internet Explorer inachukua watu. Na wale walikuwa na jeshi la mainjinia, huyu kijana yuko peke yake na anadaiwa faini mwezi ujao.

Hatari ya kodi ya zamani iliyolala humo ndani pia tusiichukulie poa. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipandisha programu mpya kwenye seva 8, seva moja ikasahaulika. Kwenye hiyo moja kulikuwa na kodi ya zamani ambayo haikuwa ikitumika kwa miaka mingi, na programu mpya ilitumia bendera ile ile iliyokuwa ikiiwasha ile ya zamani. Kwa dakika kama 45 hivi ikawa inanunua na kuuza hisa hovyo, hasara ikapita dola milioni 440. Kwa hiyo mdogo wangu, ukishathibitisha kwamba marejesho2.php halitumiki, lifute kabisa. Git itakutunzia nakala.

Sasa nikuombe uangalie kitu kimoja ambacho nakiona sana kwenye mifumo ya hapa kwetu. Piga `SHOW CREATE TABLE` ya mikopo na malipo uone hela zimehifadhiwa kwa aina gani. Ukikuta FLOAT (aina ya namba za desimali zinazokadiriwa), shika kichwa. FLOAT inabeba namba nzima bila kukosea mpaka 16,777,216 tu, kupita hapo inaanza kurukaruka. Mtu anayetumia dola hawezi kuligundua hilo haraka, lakini kwa shilingi mkopo wa milioni ishirini na tano ni wa duka la kawaida tu Kariakoo. Tena ukiisoma kwa SELECT MySQL inakuonyesha tarakimu sita za mwanzo, mkopo wa 25,430,715 utauona 25430700. Halafu mhasibu anakwambia mfumo unakula hela, na anasema kweli.

DogoWaBackend

Wakuu asanteni sana, nimefanya kama MamaSeva alivyoelekeza na nimepata mwanga mkubwa. Kwanza seva na Git vilikuwa vimeachana vibaya. Linalotumika ni marejesho_mpya.php, na hilo marejesho.php la mistari elfu nne ambalo ndo nilikuwa nahangaika nalo linaitwa na kroni ya usiku tu kwa ajili ya kuhesabu faini. marejesho_mpya_sahihi.php halijaitwa na mtu yeyote wala faili lolote.

Mzee, FLOAT ipo kama ulivyosema, kwenye jedwali la mikopo. Malipo ni INT, namba nzima.

Nimefuata rejesho la elfu hamsini na nimekuta jambo la ajabu. Rekodi moja ina tarehe mbili, moja imewekwa na PHP ile ya kuongeza 10800, nyingine imewekwa na MySQL kwa `NOW()`, na zimepishana masaa matatu kamili. Sasa nimeelewa 10800 ni sekunde za masaa matatu. Je niondoe zote na niweke `date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam')` juu kabisa ili kiwe kitu kimoja safi?

Mzee_wa_MySQL

Umeipata vizuri sana. Ila subiri kwanza usiweke, nikueleze kwa nini jamaa aliandika usiguse.

Seva yenu bila shaka iko Ulaya au kwenye klaudi na saa yake ni UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuko masaa matatu mbele, mwaka mzima, hatuna mambo ya kubadilisha saa kiangazi na baridi. Jamaa aliona mtu akilipa saa saba usiku mfumo unaandika tarehe ya jana, akaongeza 10800 akamaliza shida yake. Hivyo ilivyo, inafanya kazi.

Sasa wewe ukiweka timezone ya Dar halafu ukasahau 10800 hata sehemu moja, hapo patakuwa na masaa matatu mara mbili. Maana yake kuanzia saa tatu usiku mfumo utaona ni kesho. Mama lishe kafunga biashara, kahesabu mauzo, kalipa saa tatu na nusu usiku siku ya mwisho ya rejesho lake, mfumo unasema kachelewa siku moja. Kroni inaamka, inampiga faini. Nimewahi kukuta hali hiyo kwenye mfumo mmoja, na wateja walikuwa wanalalamika miezi wakiambiwa wao ndo wanachelewesha, kwa sababu keshia anayejaribu mfumo saa nne asubuhi kila kitu kwake kiko sawa.

Kwa hiyo kwa sasa tengeneza fankisheni moja, iite `leo_dar()`, ndani yake weka hiyo hiyo 10800, halafu kila sehemu iliyoandikwa kwa mkono ibadilishe iite hiyo fankisheni. Tabia ya mfumo haijabadilika hata chembe, ila sasa saa inatoka sehemu moja. Zile sehemu zisizokuwa na 10800 ziandike pembeni, usiziguse, mojamoja uangalie je ni kosa au kuna mwenzake anayejumlisha baadaye. Ukija kuweka timezone sahihi siku nyingine utabadilisha mstari mmoja badala ya hamsini. Na `NOW()` za MySQL nazo zina saa yake, hiyo timezone ya PHP haizigusi kabisa.

Mkaazi_wa_Nairobi

Nimesoma hii thredi yote, iko sawa kabisa, wacha niongeze ya upande wa watu. Huku Nairobi pia nilipewa mfumo kama huo wa chama cha akiba, na mtu aliyenisaidia kuliko wote hakuwa developa, alikuwa ni yule mama wa akaunti ambaye ameutumia tangu siku ya kwanza. Kaa naye chini uone vile anafanya kazi, usimuulize mfumo unafanya nini, mwambie tu aendelee na kazi yake wewe uangalie. Utaona ako na Excel pembeni. Hiyo Excel ndiyo orodha ya vitu mfumo haufanyi ama unafanya vibaya. Utaona pia kuna kitufe habonyezi kamwe, na kingine anabonyeza mara moja tu na kungoja. Muulize kwa nini. Majibu yake hutayapata kwa kodi yoyote.

Kwa kodi yetu kulikuwa na namba 1032 imeandikwa peke yake ndani ya if, hakuna komenti, na kijana aliyekuwa kabla yangu alikuwa ameiwekea alama ya kuitoa. Kumbe hiyo ni jibu la M-Pesa ya huku kwamba mteja mwenyewe amekataa ombi la malipo kwa simu. Ukiitoa, mtu aliyekataa anahesabiwa pamoja na wale mtandao uliwaangusha, na mfumo unamtumia ombi tena na tena. Kwa hivyo namba ngeni ukiipata kwa sehemu inaongea na mitandao ya simu, tafuta kwanza nyaraka za huo mtandao kabla hujaamua haina kazi.

Na pale kolbaki (taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu) inaingia, utapata kipande kinachotafuta namba ya muamala kwa databesi na kutoka bila kufanya kitu kikiipata. Kinaonekana hakina maana. Usikitoe! Mtandao ukikatika katikati taarifa ile ile inaweza kuletwa mara ya pili, na bila hicho kipande malipo ya mteja yanaandikwa mara mbili kwa vitabu.

DogoWaBackend

Daah huyo mama wa akaunti yupo na hapa kwetu, kesho naenda kukaa naye. Maswali ya mwisho mawili. Je nikiibandika hiyo marejesho.php kwenye ChatGPT inieleze ni sawa? Na faini yenyewe nitajuaje nimeibadilisha bila kuharibu mengine?

MamaSeva

La ChatGPT, kwanza uliza ofisini kama wanaruhusu. Ukiruhusiwa inasaidia kweli kukufafanulia fankisheni moja moja, ila kabla ya kubandika pitia kama hamna paswedi ya databesi humo juu, kwa mfumo wa aina hiyo itakuwepo tu, na usibandike kabisa dampu zenye majina na namba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na deni la mtu ni taarifa binafsi. Na ikikuambia "kipande hiki hakitumiki" usiiamini, yenyewe haijui kroni yenu.

La faini fanya hivi. Kwanza itoe hesabu ya faini humo ndani iwe fankisheni peke yake, bila kubadilisha kanuni. Halafu ipitishe kwenye mikopo yote iliyochelewa mwaka uliopita, linganisha na faini zilizoandikwa kwenye databesi. Zote zinatakiwa zifanane. Zisipofanana, kuna sheria hujaiona, labda kuna vikundi wanasamehewa siku tatu, labda sikukuu hazihesabiwi, irudie mpaka zifanane. Usipite hapo kwa haraka, ndo kazi yenyewe hiyo. Zikishafanana ndo ubadilishe kanuni, uipitishe tena, utoe orodha ya tofauti. Mfano mkopo wa 1,200,000 wenye marejesho 12 ya laki moja, faini asilimia mbili, zamani 24,000 sasa 2,000. Orodha hiyo mpelekee mama wa akaunti aipitie kwa kalamu.

Mzee_wa_MySQL

Naongezea hapo hapo kwa MamaSeva. Angalia hiyo kroni ya usiku inahesabu faini mpya ya siku hiyo tu au inafuta zote na kuhesabu upya tangu mwanzo wa mkopo. Kama inahesabu upya, usiku wa kwanza utakaopandisha kanuni mpya itabadilisha faini za miezi iliyopita, zikiwemo ambazo watu wameshalipa, na ripoti zilizofungwa hazitalingana tena na mfumo. Weka tarehe ya kuanzia kwenye jedwali la mipangilio, rejesho lililochelewa kabla ya tarehe hiyo litumie kanuni ya zamani, la baada litumie mpya. Na hiyo tarehe usichague wewe, mwombe meneja akuandikie kwa barua pepe, pamoja na jibu la swali hili: mtu ambaye tayari ana faini ya kanuni ya zamani na hajailipa, anapunguziwa au hapunguziwi? Hilo ni la uongozi, na bila jibu lake usipandishe kitu.